Nianzie wapi, dada? Kwa anayetaka kazi ya kupima usalama wa tovuti

Swali huja karibu kila wiki kwenye WhatsApp, tena kwa sura ileile: "Shikamoo dada, nataka kuwa haka, ninunue kozi gani?" Najibu marahaba, kisha nauliza langu: ukiingia kwenye tovuti ya benki kwa nywila yako, ukafungua ukurasa wa pili, seva inajuaje kwamba bado ni wewe? Wengi hunyamaza. Wachache hujibu "kuki", ile alama ndogo ambayo seva hukipa kivinjari ili ikitambue kikirudi, na hao ndio ninaoendelea kuwaandikia.

Kazi yangu ni kupima usalama wa tovuti na API (milango ambayo programu hutumia kuzungumza na seva) za wateja, sehemu kubwa hapa Dar es Salaam, mara mojamoja Arusha na Nairobi. Kabla ya hapo nilikuwa mjaribu programu wa kawaida. Nilibonyeza kila kitufe cha mfumo wa ada za shule na kuandika kipi kimegoma. Sikusomea usalama darasani. Haya ndiyo ninayowaambia vijana hao kwa vipandevipande vya usiku. Leo nimeyaweka pamoja ili nami nipate kulala.

Ruhusa kabla ya chochote

Mfumo usio wako usiuguse bila karatasi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamhusu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, ile iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, na kuingia bila idhini kunaweza kukugharimu hadi shilingi milioni 5 za kwao, au hadi miaka 3 jela, au vyote. Nia yako njema hakimu anaweza kuisikiliza, ila utakuwa unaieleza ukiwa kizimbani.

Na hiyo karatasi isomwe, uangalie hasa sahihi ni ya nani. Septemba 2019, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama la kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa, Marekani, wakiwa na barua ya kazi mkononi. Barua ilitoka kwa utawala wa mahakama wa jimbo, lakini jengo lilikuwa la kaunti. Sherifu wa kaunti hakuwa na habari, na alipoonyeshwa barua hakuridhika nayo. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, wakati wenzetu wameshaonja rumande.

Hapa kwetu jambo hilo lina sura yake. Biashara nyingi ndogo zimeweka tovuti kwenye seva ya kukodi ambamo kuna tovuti za watu wengine pia. Mwenye duka akikusainia, amekuruhusu tovuti yake tu. Seva si yake, paneli ya anayemkodisha si yake, na majirani zake humo ndani hata hawajui. Kwa hiyo karatasi yangu hutaja tovuti moja moja kwa jina kamili, anwani za IP nitakazotumia, siku na saa za kuanza na kumaliza, vitu visivyoguswa, na simu ya mtu atakayepokea hata saa nane usiku. Seva ikiwa ya kampuni nyingine, naomba nayo iandike, au nasoma masharti yake neno kwa neno. AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, kwa mfano, huruhusu wateja wake kupima baadhi ya huduma bila kuomba kibali kwanza, lakini hairuhusu kuizidishia seva mzigo hadi ianguke.

Je, ukikutana na tundu bila kulitafuta? Umeingia kulipia bili yako ukaona bili ya mtu mwingine. Ishia hapohapo. Usijaribu namba inayofuata "kuhakikisha". Tazama kama tovuti ina faili la /.well-known/security.txt, ambalo utaratibu wake ulichapishwa mwaka 2022 kama RFC 9116. Humo utakuta wapi pa kuripoti. Lisipokuwepo, vipo vitengo vya taifa vya kupokea taarifa za usalama wa mtandao: Tanzania ipo TZ-CERT chini ya TCRA, na Kenya ipo KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Barua pepe ya "nimeona tundu kwenye mfumo wenu, nilipeni niwaonyeshe" usiitume hata kama kodi ya nyumba imekukaba. Atakayeipokea ataipeleka polisi, na polisi wana jina lao la barua za namna hiyo.

Maabara yako

Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kabisa. Huhitaji mashine ya kung'aa taa, na Kali Linux, mfumo endeshi uliojaa vifaa vya wapimaji, pia inaweza kusubiri. Nimewaona vijana wakimaliza wiki nzima wakibadilisha rangi za skrini nyeusi bila kusoma ombi hata moja la HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza. Pakua Burp Suite Community, kifaa kinachokaa kati ya kivinjari na seva na kukuonyesha kila kinachopita, ambacho ni cha bure na huja na kivinjari chake ndani. Ukipenda kitu ambacho hata msimbo wake uko wazi, ipo ZAP.

Kwa mazoezi, jambo la kwanza ni Web Security Academy ya PortSwigger, hao hao wanaotengeneza Burp. Ni bure, ina mazoezi zaidi ya 200, na kila zoezi linaendeshwa kwenye seva zao, kwa hiyo bando lako haliliwi na mafaili makubwa. La pili ni Juice Shop ya OWASP, shirika lisilo la faida la usalama wa programu; ni duka la juisi lililojengwa makusudi likiwa limejaa matundu. Kama una Docker, programu ya kuendeshea mifumo iliyofungashwa tayari:

docker run --rm -p 127.0.0.1:3000:3000 bkimminich/juice-shop

Hiyo 127.0.0.1 usiifute. Inafanya duka lionekane kwenye mashine yako peke yake, badala ya kuonekana kwa kila aliyejiunga na Wi-Fi ya mgahawa ulipoketi.

La tatu watu huliruka, nami ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: jenga mfumo wako mwenyewe. Mdogo tu. Mimi huwaambia wajenge mfumo wa kikoba, kwa PHP au Node, lugha yoyote wanayoimudu. Uwe na wanachama wawili, tuseme Asha na Juma, na mweka hazina mmoja. Mwanachama aone michango yake na aombe mkopo. Mweka hazina apitishe mkopo na aone michango ya wote. Kuingia, kutoka, kubadili nywila, kupakia picha ya kitambulisho. Basi. Utakapokuwa umeandika mwenyewe ule mstari unaoamua nani aone nini, utajua mtengenezaji aliyechoka saa tano usiku huusahau wapi.

Soma ombi moja mpaka ulielewe

Fungua kikoba chako kupitia Burp, ingia kama Asha, bonyeza "michango yangu". Burp itakuonyesha kitu cha namna hii:

GET /michango.php?id=1042 HTTP/1.1
Host: localhost:8000
Cookie: PHPSESSID=9f3c...

Kaa nacho. Kila neno hapo liulize: nani ameliandika, kivinjari au seva? Nikilibadilisha, nani atajua? Ile id=1042 imetoka kwenye kivinjari, maana yake imetoka mkononi mwa mtumiaji, na chochote kilicho mkononi mwa mtumiaji kinaweza kubadilishwa. Kuki ndiyo inayomwambia seva kwamba huyu ni Asha. Sasa bonyeza kulia, peleka ombi kwenye Repeater, sehemu ya Burp ya kutuma ombi upya, ondoa kuki, tuma. Umepata namba gani: 200 (imekubali), 302 (imekuelekeza ukurasa mwingine), 401 (hujaingia), 403 (huruhusiwi)? Rudisha kuki, badilisha 1042 iwe 1043, ambayo ni ya Juma. Tuma.

Kama michango ya Juma imekuja, umekutana na kasoro ambayo mimi huikuta kuliko nyingine yoyote. Wenyewe huiita IDOR, yaani kufikia kitu cha mwingine kwa kubadili namba yake, na kwenye orodha ya OWASP ya kasoro za API huitwa BOLA, nayo iliwekwa namba moja mwaka 2019 ikabaki namba moja mwaka 2023. Kwenye orodha kuu ya OWASP Top 10, udhibiti mbovu wa ruhusa ulikuwa wa tano mwaka 2017. Toleo la 2021 likaupandisha hadi wa kwanza. Mfumo wa namna hiyo ni bawabu wa gesti anayekuuliza jina mlangoni na kukukaribisha vizuri, kisha haangalii unafungua chumba cha nani.

Usidhani ni kasoro ya watoto. Mei 2019 ilibainika kwamba tovuti ya kampuni ya First American Financial ya Marekani, inayohusika na bima za umiliki wa nyumba, ilikuwa ikitoa nyaraka za wateja kwa yeyote aliyebadilisha tarakimu kwenye anwani ya ukurasa. Hata kuingia kwa nywila hakukuhitajika. Nyaraka zilizokuwa wazi zilikadiriwa kufikia milioni 885, za tangu mwaka 2003, zikiwemo namba za akaunti za benki. Hapakuhitajika kifaa kingine zaidi ya kivinjari.

Kuna jingine dogo la kujifunza kwenye mfumo wako wa PHP. Ondoa kuki, omba ukurasa wa mweka hazina. Kivinjari kitakurudisha kwenye ukurasa wa kuingia, utaona kila kitu salama. Sasa tazama jibu lenyewe ndani ya Burp. Mara nyingi utakuta 302, na chini yake ukurasa mzima wa mweka hazina na majina ya watu wote. Mtengenezaji aliandika header("Location: login.php") akasahau kuweka exit mstari unaofuata, kwa hiyo PHP imeendelea kuandika ukurasa kama kawaida na kivinjari hakikuuonyesha tu. Ukizoea kusoma majibu ghafi, mambo haya utayaona. Ukitegemea macho ya kivinjari, utayapita.

Akaunti mbili, jedwali moja

Sasa mbinu yenyewe, inayonilisha. Kabla ya kuwasha kifaa chochote, chora jedwali. Kushoto andika kila tendo ambalo mfumo unaweza kulifanya: kuona mchango, kuomba mkopo, kupitisha mkopo, kupakua risiti, kubadili namba ya simu, kumfuta mwanachama. Juu andika watu: asiyeingia kabisa, Asha, Juma, mweka hazina. Kila kisanduku andika inavyopaswa kuwa, ndiyo au hapana, kwa kumuuliza mteja na si kwa kubuni. Kisha jaribu kila kisanduku.

Mteja akupe akaunti mbili za kila ngazi. Akisema moja inatosha, mkatalie kwa adabu, kwa sababu kwa akaunti moja huwezi kupima kama Asha anaona vya Juma bila kugusa vya mtu halisi. Kwenye Firefox, tumia Multi-Account Containers ili Asha na Juma wawe wazi kwa wakati mmoja kwenye vichupo tofauti. Jedwali likiwa kubwa, kiongezi cha Burp kiitwacho Autorize kitarudia kila ombi la mweka hazina kwa kuki ya Asha na kukuonyesha majibu yaliyolingana. Lakini lifanye kwa mkono kwanza, mara nyingi za kutosha.

Angalia matendo kuliko kurasa. Nimeona mifumo ambayo kitufe cha "Pitisha" kimefichwa kwa mwanachama, lakini ombi la POST (lile linalotuma taarifa kwa seva) la kupitisha liko wazi kabisa. Aliyejenga alidhani kuficha kitufe ni kukataza. Angalia pia risiti za PDF, picha za vitambulisho, na faili la Excel la ripoti ya mwezi. Haya huwekwa kwenye folda ambayo hakuna aliyekumbuka kuilinda.

Halafu yapo ya kwetu sana, kwa kuwa kila mfumo huku unalipisha kwa simu. Mteja anabonyeza Lipa, simu yake inaomba PIN, anaweka, kisha mtoa huduma ya malipo anatuma jibu kwenye anwani fulani ya seva ya muuzaji: imelipwa, kiasi fulani, kumbukumbu fulani. Swali la mpimaji ni hili: seva ya muuzaji inajuaje kwamba jibu hilo limetoka kwa mtoa huduma na halikuandikwa na mnunuzi mwenyewe? Muuzaji mzembe haulizi. Anapokea POST yoyote yenye umbo sahihi na kutoa mzigo. Aliyejenga vizuri atahakiki chanzo, atalinganisha kiasi na kumbukumbu na oda iliyopo, na atarudi kumuuliza mtoa huduma hali ya muamala kabla ya kuachia kitu. Pima haya kwenye mazingira ya majaribio; Daraja, mlango wa Safaricom kwa watengenezaji wanaounganisha M-Pesa, ina yake, na hupaswi kuchezea fedha halisi za mtu.

Namba za uthibitisho za SMS nazo. Tarakimu nne ni uwezekano 10,000 tu. Seva isipohesabu majaribio, kompyuta inaumaliza bila kutoka jasho. Tarakimu sita ni milioni moja, afadhali, lakini kikomo cha majaribio kinahitajika vilevile. Tena kabla ya kuhesabu lolote, soma jibu la seva baada ya kubonyeza "nitumie namba". Mara nyingine namba yenyewe imo humo ndani, imerudishwa kwa kivinjari pamoja na ujumbe wa "imetumwa".

Kasoro za SQL (kupenyeza amri kwenye hifadhidata) na XSS (kupenyeza msimbo kwenye ukurasa wa mwingine) bado zipo, zisome. Ila mifumo mingi ya leo imejengwa juu ya viunzi vilivyo tayari, Laravel, Django na wenzao, ambao huzuia sehemu kubwa ya hayo usipowazuia wewe. Hakuna kiunzi kinachojua kwamba Juma hapaswi kupitisha mkopo wake mwenyewe. Hilo ni la binadamu, ndiyo maana bado tunaajiriwa.

Kuhusu vifaa vingine sitasema mengi. Nmap kujua milango (port) ya seva iliyo wazi, ffuf kutafuta kurasa zilizofichwa, sqlmap ukishaelewa SQL kwa mkono. Burp Professional ni zaidi ya dola 400 kwa mwaka; ainunue mwajiri, au uinunue wewe baada ya mteja wa kwanza kulipa.

Ripoti ndiyo bidhaa

Mteja hanunui tundu, ananunua maandishi. Ukiwa na kasoro nzito uliyoieleza vibaya, utabishana na mtengenezaji wao wiki mbili na mwishowe kasoro itabaki.

Anza na kichwa. "IDOR kwenye michango.php" ni kichwa cha kujisemea mwenyewe. Mimi ningeandika: "Mwanachama yeyote anaweza kusoma michango na mikopo ya wanachama wengine wote." Mwenyekiti wa bodi ambaye hajawahi kuona HTTP amekwishaelewa kwa nini asilale. Kisha andika hatua, moja baada ya nyingine, kwa namna ambayo mtu ambaye hakuwepo atazirudia na kupata kilekile: ingia kwa akaunti ya majaribio A, fungua ukurasa huu, badilisha namba hii iwe ya akaunti ya majaribio B, tuma. Weka ombi na jibu kama maandishi, kwa sababu mtengenezaji atataka kunakili. Picha ya skrini ni ya kusindikiza tu. Majina na namba za watu halisi yafutwe kwa boksi jeusi. Maandishi yaliyotiwa ukungu (blur) yanaweza kusomeka.

Ukiri mipaka. Ulisoma rekodi moja ya akaunti yako ya pili ukasimama? Liandike hivyo. Hukuhitaji kupakua wanachama wote ili kuthibitisha, na ukizipakua umejigeuza kuwa tatizo la mteja kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022.

Kisha tiba, na iwe tiba kweli. "Boresha usalama wa mfumo" si ushauri. Andika kwamba kabla ya kutoa rekodi, seva ilinganishe mwenye rekodi na mtu aliyeingia, kwa kila ombi, mahali pamoja panapotumiwa na kurasa zote. Waambie pia kwamba kubadili 1042 iwe namba ndefu isiyokisika kunapunguza makali, hakuponyi, kwa maana namba hizo huvuja kwenye viungo na risiti.

Ukali wa kasoro usiupandishe ili uonekane hodari. Mfumo wa kupima ukali kwa alama, CVSS, upo, utumie, kisha eleza kwa maneno kwa nini hapa ni kubwa au ndogo. Nikiona ripoti ambayo kukosekana kwa kichwa (header) fulani cha HTTP kumewekwa rangi nyekundu, najua aliyeandika alikosa cha kuandika.

Na kuna kikao. Ripoti nyingi huku huandikwa kwa Kiingereza, lakini kikao cha kuipokea hugeuka Kiswahili dakika ya tano, mhasibu anapouliza, "Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua hela au hawezi?" Jifunze kujibu swali hilo kwa sentensi mbili. Mtengenezaji wa mfumo naye atakuwepo, pengine ndiye mdogo kuliko wote mle chumbani, na bosi wake anamtazama. Usimdhalilishe. Mimi humpigia siku moja kabla nikamweleza nilichokiona, ili akiulizwa awe na jibu. Mtu huyo ndiye atakayeniita tena.

Vyeti

CEH ni mtihani wa kuchagua majibu, maswali 125 kwa saa nne. Haukufundishi kupima, lakini hutajwa kwenye masharti ya zabuni, na kwa sababu hiyo tu unaweza kukulazimu siku moja. OSCP ni wa vitendo: saa 23 na dakika 45 za kushambulia mashine, halafu saa 24 za kuandika ripoti, na kozi yake pamoja na mtihani inazidi dola 1,500. Ni mzuri, unaheshimika, lakini si wa wavuti hasa. Kwa wavuti, BSCP ya PortSwigger ni dola 99 kwa saa nne ngumu, na utahitaji Burp Professional kuufanya.

Usikope kwa ajili ya cheti. Ukiwa huna kitu, maliza mazoezi ya bure ya udhibiti wa ruhusa, uthibitishaji na mantiki ya biashara kwenye Academy, uandike maelezo yako ya baadhi yake kwa maneno yako, uyaweke hadharani pamoja na kikoba chako kibovu na kikoba chako kilichotibiwa. Nikiwa kwenye jopo la usaili, hicho nitakifungua. Orodha ya vifaa thelathini kwenye CV siisomi. Mimi humpa msailiwa ombi moja la HTTP lililochapwa kwenye karatasi na kumuuliza angejaribu nini na kwa nini. Anayeuliza kwanza "mfumo huu unafanya nini na huyu ni nani ndani yake?" ananifurahisha kabla hajajibu.

Mlango wa kuingilia kazini

Wanaoajiri wapimaji huku ni makampuni ya ukaguzi, benki, kampuni za simu, na ofisi ndogo chache za usalama zilizoko zaidi Nairobi na Dar. Sababu zao ni za kisheria kuliko za mapenzi. Anayeshughulika na data za kadi za benki anabanwa na PCI DSS, kanuni za usalama za malipo ya kadi, kufanya jaribio la kupenya angalau mara moja kila miezi 12 na kila anapobadilisha mfumo kwa kiasi kikubwa. Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao kwa mabenki mwaka 2017. Ukijua msimu wa ukaguzi wa mtu, unajua lini atakuhitaji.

Nafasi ya "mpimaji mchanga" hutangazwa mara chache. Wengi tuliingia kwa mlango wa pembeni: kujaribu programu, kutengeneza programu, dawati la msaada, ukaguzi wa TEHAMA. Kama uko kwenye mojawapo ya hizo, kaa hapo na uombe ruhusa ya maandishi kupima mfumo wa ofisi yenu kwenye mazingira ya majaribio. Kwa mwanafunzi wa chuo, mafunzo kwa vitendo yapeleke kwenye kampuni inayojenga mifumo, hata kama haina idara ya usalama. Utajifunza makosa yanakozaliwa.

Na bagi baunti, yaani zawadi ambazo makampuni huwalipa wanaoripoti kasoro? Majukwaa yake, HackerOne na Bugcrowd, yapo tangu 2012, na mwaka 2019 kijana wa Argentina, Santiago Lopez, akiwa na miaka 19, alikuwa wa kwanza kuvuka dola milioni moja pale HackerOne. Habari hiyo imewaponza wengi. Ni sehemu nzuri ya kujifunza kihalali, kwa kuwa ukurasa wa kila programu ni karatasi ya ruhusa iliyokwisha kusainiwa, mradi usitoke nje ya mipaka yake. Kama mshahara wa kwanza, hapana: utaripoti kitu kizuri na kuambiwa mwingine ameshakitaja, na mwenye nyumba hapokei hadithi hiyo. Chagua programu moja, kaa nayo muda mrefu, na hakikisha mapema fedha zitaweza kufika kwenye benki yako.

Mkataba wa kwanza wa kujitegemea

Mkataba huo utakuja kupitia mtu anayekujua: mwenye shule, sacco ya shemeji, duka la mtandaoni. Usiufanye bure kwa jina la "kupata uzoefu", hata kwa shemeji. Punguza bei ukitaka, lakini pawe na mkataba, na nusu ya malipo ije kabla. Andika ndani yake kwamba bei inajumuisha kupima tena mara moja baada ya marekebisho, ndani ya muda unaotajwa, tuseme siku 30. Usipoutaja muda utaitwa mwakani. Mwambie achukue nakala rudufu kabla hujaanza, na akuonyeshe kwamba inarudi, kwa kuwa nakala isiyowahi kurudishwa huwezi kuitegemea.

Ukikuta jambo la hatari kubwa siku ya kwanza, usisubiri ripoti. Piga ile simu iliyo kwenye karatasi ya ruhusa. Siku ya mwisho orodhesha kila ulichokiacha kwenye mfumo, akaunti za majaribio na mafaili uliyopakia, umpe mteja afute mbele yako. Ripoti itumwe ikiwa imefungwa kwa nywila, na nywila ipite njia nyingine, kwa simu badala ya barua pepe ileile. Baada ya kupima tena, futa maombi na majibu yote yaliyo kwenye laptopu yako, pamoja na faili la mradi la Burp, kisha umwandikie mteja tarehe uliyofuta. Ankara ya nusu iliyobaki iambatanishe kwenye barua hiyohiyo.